Kwenye kiti cha ndege hakuna Article 15



Najua swali la kwanza litakuwa hili: mtu wa agronomia anatafuta nini kwenye mambo ya ndege? Jibu ni fupi. Kwetu Kivu Kusini ndege si kitu cha watajiri peke yao. Sisi wa Luhwindja angalau tunaweza kushuka Bukavu kwa moto au kwa jeep, hata kama mvua imeharibu barabara na unafika umejaa matope. Lakini mtu wa Shabunda afanye nini? Kwa miaka mingi mbegu, dawa, chumvi, walimu, wagonjwa na hata madaftari vimepita hewani, toka Kavumu, ndani ya ndege ndogo. Nilipomaliza licence, kazi yangu ya kwanza ya mbegu ilinipandisha ndege hizo. Nilianza kuangalia viti, nikaanza kuuliza mafundi na kusoma. Leo nataka kuwaeleza nilichoelewa: sehemu ya kiti cha abiria ikiwa na kasoro ya hatari, sheria inadai nini kabla ya mtu kukikalia tena.

Nianze na neno lenyewe la msingi. Watu wengi wanafikiri kiti cha ndege ni cha starehe, kama kiti cha salon. Kumbe kwa sheria ya anga kiti kiko upande mmoja na breki na milango: ni kifaa cha kuokoa maisha. Ndiyo maana ile tabia yetu ya kujitafutia suluhisho, ile tunaita Article 15, haina nafasi hapo. Ukikosa visi ya meza, unapiga msumari, maisha yanaendelea. Ukifanya hivyo kwenye mguu wa kiti cha ndege, umeondoa kitu ambacho abiria amelipia bila kujua.

Kiti kinafanya kazi gani?

Ajali nyingi za ndege si zile za kuanguka toka juu sana ambapo hakuna anayebaki. Nyingi zinatokea karibu na uwanja: ndege inapita mwisho wa njia, inakosa nguvu ikipaa, inagonga kitu ikitua. Hapo watu wanaweza kutoka hai, kama mambo matatu yamefanyika: wasirushwe, wasipondwe, wasiungue kabla ya kufika mlangoni. Mambo yote matatu yanapita kwenye kiti.

Mifano iko kwetu. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa Goma ikaingia ndani ya kata ya Birere. Watu kama 40 walikufa, wengi wao walikuwa chini, sokoni na majumbani. Wengi wa waliokuwa ndani ya ndege walitoka hai. Tarehe 12 Februari 2012, hapa kwetu Kavumu, ndege ndogo aina ya Gulfstream ilipita mwisho wa njia. Augustin Katumba Mwanke alikufa pale, na marubani wote wawili. Lakini Matata Ponyo, aliyekuwa waziri wa fedha, alitoka hai, na gavana wetu wa wakati ule, Marcellin Cishambo, pia. Sisemi kwamba kiti peke yake ndicho kiliamua nani afe nani abaki. Nasema tu kwamba ndani ya ajali moja kuna wanaokufa na wanaobaki, na viti, mikanda na sakafu ni sehemu ya hesabu hiyo.

Mfano mwingine ni wa kinyume. Tarehe 8 Mei 2003, Ilyushin 76 iliyotoka Kinshasa kwenda Lubumbashi ilifunguka mlango wa nyuma hewani. Ilikuwa ndege ya mizigo, imejaa askari, polisi na familia zao, wengi wamekaa chini au juu ya mizigo. Hewa iliwavuta watu nje. Ndege yenyewe ilirudi Kinshasa ikatua. Fikirieni hilo: ndege haikuanguka, lakini watu walikufa, juu hawakuwa kwenye kiti chenye mkanda.

Kiti kimepimwaje?

Zamani, tangu miaka ya 1950, kiti cha ndege kubwa kilitakiwa kuvumilia nguvu ya mbele mara 9 ya uzito wake pamoja na mtu aliyekaa. Walikipima kwa kukivuta polepole, wanaangalia kama kimekatika. Lakini ajali haivuti polepole. Mwaka 1988 Marekani ikabadilisha sheria kwa aina mpya za ndege: kiti kinawekwa kwenye gari la majaribio pamoja na mwanasesere wa kilo 77, kisha kinasimamishwa ghafla.

Kuna majaribio mawili makubwa. La kwanza ni la mbele: mwendo unakatwa kwa mita 13.4 kwa sekunde, karibu kilomita 48 kwa saa, na nguvu inafika mara 16 ya uzito. Ni mwendo wa moto kwenye barabara nzuri, halafu unakutana na ukuta. La pili ni la kushuka, yaani ndege inapiga tumbo chini: mita 10.7 kwa sekunde, nguvu mara 14. Hapo wanaangalia uti wa mgongo.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu wa kilo 77 mara 16 ni kilo 1,232. Ni kama magunia 12 ya maharage ya kilo 100 yanakusukuma mbele kwa mara moja. Kiti cha watu watatu kinabeba watatu wa namna hiyo: karibu tani 3 na kilo 700. Nguvu yote hiyo inashuka kwenye miguu ya kiti, inaingia kwenye vifungo vidogo vinavyoshika reli ya sakafu. Vifungo hivyo unaweza kuviweka kwenye kiganja.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kabla ya jaribio la mbele, wanapinda reli za sakafu kwa makusudi: moja inainamishwa digrii 10 juu au chini, nyingine inazungushwa digrii 10 kwa ubavu. Kwa nini? Juu kwenye ajali ya kweli sakafu inajikunja, na kiti kisiachie kwa sababu hiyo. Somo hilo lilionekana wazi Kegworth, Uingereza, tarehe 8 Januari 1989. Boeing 737 ilianguka kando ya barabara kubwa karibu na uwanja. Kati ya watu 126, walikufa 47. Sehemu ambazo sakafu ilivunjika, viti viliachia vikarundikana mbele, miguu ya watu ikavunjika, wakashindwa kujitoa. Sehemu ambazo sakafu ilibaki, watu wengi walipona.

Sheria ya mara 16 haikugeuza ndege zote siku moja. Marekani ilidai viti vya namna hiyo kwa kila ndege kubwa ya abiria iliyotengenezwa kuanzia tarehe 27 Oktoba 2009. Ndege za zamani ziliruhusiwa kuendelea na viti vya zamani. Na ndege ndogo kama zile za kwenda Shabunda zina masharti yao mengine. Kwa hiyo ndege mbili zikiwa bega kwa bega uwanjani, viti vyake vinaweza kuwa vya vizazi viwili tofauti. Lakini sharti moja ni la wote: kiti kibaki vile kilivyopimwa na kukubaliwa.

Sehemu zipi zinaleta hatari?

Kwanza vifungo vya sakafu. Mwaka 2012, mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba, safu za viti ziliachia hewani kwenye ndege za Boeing 757 za American Airlines. Hakuna aliyekufa, ndege zilitua, lakini shirika lilisimamisha ndege 48 ili kuzikagua. Moja ya sababu walizotoa itawachekesha: soda, kahawa na uchafu mwingine uliomwagika miaka kwa miaka ulifanya kifungo kisiingie vizuri mahali pake. Yaani hata bila chuma kuvunjika, uchafu peke yake unatosha.

Pili ni mgongo wa kiti. Unashikwa na vipande vya kuunganisha vilivyoko pembeni, ambavyo abiria havioni. Kampuni ya Ufaransa, Sicma Aero Seat, ilikuwa na aina kadhaa za viti ambazo vipande hivyo vilianza kupasuka nyufa. Wakubwa wa anga wa Ulaya na wa Marekani walitoa agizo la lazima: vikaguliwe, vilivyopasuka vibadilishwe. Unaweza kusema ufa wa mgongo wa kiti ni kitu kidogo. Lakini mgongo ukianguka nyuma, unaziba njia ya mtu wa nyuma wakati wa kukimbia moto. Ukianguka mbele, unampiga aliyekaa.

Tatu ni mkanda. Uzi ukiliwa na jua au ukikatika pembeni, nguvu yake inapungua hata kama unaonekana mzima. Na kifungo cha mkanda kimoja hakiingii vizuri kwenye kingine hata kama vinafanana.

Nne, sifongo na kitambaa. Hapa niongee kidogo zaidi, juu ndipo sisi tunaanguka kirahisi. Bukavu tuna mafundi hodari wa kushona viti vya taxi na vya salon. Unaleta kitambaa, wanakata sifongo ya godoro, jioni kiti kiko mpya. Kwenye ndege hiyo ni hatari kubwa. Sifongo ya kawaida inawaka haraka na moshi wake unalewesha mtu kabla moto haujamfikia. Marekani ilitoa sheria mwaka 1984, ikadai hadi Novemba 1987 ndege kubwa za abiria ziwe na mito ya viti inayozuia moto. Jaribio lake ni kali: mto unapigwa na mwale wa moto wa mafuta kwa dakika 2. Usipoteze zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, na moto usitembee zaidi ya sentimita 43. Lengo ni kuwapa watu dakika chache zaidi za kutoka. Fundi wetu wa mtaani anaweza kushona vizuri kuliko kiwanda, lakini hana karatasi ya jaribio hilo, na bila karatasi ile mto haufai kwenye ndege.

Agizo linatoka wapi?

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Kasoro ikigunduliwa, nani anaamua?

Kila aina ya ndege na kiti ina nchi yake ya asili, ile iliyokubali mchoro wake. Nchi hiyo ikijua kuna hatari, inatoa agizo ambalo kwa Kifaransa mafundi wanaliita "consigne de navigabilité". Si ushauri. Ni amri. Chini ya makubaliano ya Chicago ya mwaka 1944, ambayo yalizaa OACI, habari hiyo inatumwa kwa nchi zote zilizoandikisha ndege za aina hiyo, na kila nchi inatakiwa kuichukua au kufanya hatua inayofaa. Ndege zetu zina herufi 9Q kwenye mkia. Kwa hiyo agizo la kiti kilichobuniwa Ufaransa linatufikia hadi Kavumu, kama kiti hicho kiko ndani ya ndege ya 9Q.

Agizo la namna hiyo lina sehemu ambazo huwa hazikosi.

Linataja kasoro na hatari yake: nini kimepasuka, na nani anaweza kuumia kivipi.

Linataja ni viti gani hasa: namba ya kipande, mara nyingine namba ya kila kiti. Si kusema tu "viti vya bluu vya safu ya nyuma".

Linataja kazi ya kufanya: kukagua kwa macho, kupima, kubadilisha, au kuondoa kabisa.

Linataja muda. Hapa kuna akili nyingi. Kasoro inayoweza kusubiri inapewa saa za kuruka au miezi. Kasoro iliyovuka mpaka inaandikwa maneno mafupi: kabla ya ndege kuruka tena.

Linakataza kurudisha kipande kibaya. Ukikitoa leo, mwenzako asikichukue kwenye depo kesho akakifunga ndege nyingine.

Ninyi wenzangu wa agronomia mtaelewa haraka. Mfuko wa mbegu iliyokaguliwa na SENASEM una etiketi yenye namba ya loti. Loti ikigunduliwa ina ugonjwa, hautangazi tu kwamba mahindi ni mabaya. Unataja namba, unafuata mfuko hadi kwa mkulima wa mwisho. Etiketi ikishapotea, au mtu akichanganya loti mbili ndani ya gunia moja, agizo lako halina pa kushika. Kiti cha ndege ni hivyo hivyo. Kibati kidogo chenye namba chini ya kiti ndicho kinachofanya agizo lifike. Fundi akikikwangua au akichanganya mguu wa kiti hiki na mgongo wa kile, kiti kimepoteza jina.

Na hata karatasi yenyewe inaweza kusema uongo. Mwanzoni mwa 2010 serikali ya Japani ilitangaza kwamba kampuni ya Koito ilikuwa imeghushi matokeo ya majaribio ya viti vyake kwa miaka. Ilihusu viti kama 150,000, kwenye ndege karibu 1,000 za mashirika 32 ya dunia. Viti vilikuwa vizuri kwa macho, abiria walikuwa wanavikalia kila siku. Wakubwa wa anga wa Ulaya na Marekani waliamua hiyo haitoshi: viti vithibitishwe upya au viondolewe, kwa hatua na muda uliopangwa. Hilo linatuambia kitu. Kiti kisichothibitishwa kinahesabiwa kuwa na hatari hadi ithibitishwe kinyume. Kwetu mara nyingi tunafanya kinyume: kitu ni salama hadi kiue.

Masharti ya kukitengeneza

Kutokana na hayo, niweke masharti kwa maneno ya kawaida. Mtu akikuambia kiti kimetengenezwa, haya ndiyo maswali.

1. Kipande kipya kina karatasi? Kila kipande halali kinakuja na cheti kinachosema kimetengenezwa wapi na na nani, na kwamba kiko tayari kutumika. Kipande bila cheti, hata kama kinang'aa, ni chuma tu.

2. Kazi imefuata kitabu? Mtengenezaji wa kiti anatoa kitabu cha matengenezo. Kinasema bulo ikazwe kwa nguvu kiasi gani, ufa wa urefu gani hauruhusiwi, nini kisichomelewe. Aluminiamu ya kiti imepikwa kiwandani ili iwe na nguvu. Ukiichomelea kwa moto wa garaji, unailainisha pembeni ya pale ulipochomelea. Kwa macho umefunga ufa, lakini umezaa mahali pengine pa kukatikia.

3. Fundi ana leseni ya kazi hiyo, na ametia sahihi? Sahihi ina maana kuna mtu anayejibu.

4. Imeandikwa? Agizo namba ngapi, tarehe gani, kiti gani, kipande gani kimetoka na gani kimeingia. Mkaguzi akija baada ya miaka 3 aweze kusoma hadithi yote.

5. Kipande kibaya kimeenda wapi? Kiharibiwe au kiwekewe alama, kisirudi kwenye ndege.

Na kama kipande hakipo? Hapa wengi wanafikiri sheria inasema ndege isiruke kabisa. Si lazima. Orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka bila navyo, kama imekubaliwa, mara nyingi inaruhusu kufunga kiti kimoja: kinawekewa alama, mkanda unafungwa juu yake, hakuna anayekikalia, mradi kisizibe njia ya kutokea. Shirika linapoteza tiketi moja. Ndiyo bei. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tunachagua kati ya kiti kibovu na kubaki Shabunda. Kuna njia ya tatu, na ni halali: kukiacha kiti wazi.

Hali ya kwetu

Siwezi kuandika haya yote halafu nikae kimya juu ya kwetu. Safari moja ya kwenda kugawa mbegu, kiti cha jirani yangu kilikuwa kimefungwa kwa waya mguuni. Baba mmoja mzee alikuwa amepewa nafasi hiyo. Alipouliza, kijana wa kupakia akamjibu kwa heshima kabisa: "Papa, ikala tu, njia ni mufupi." Mzee akakaa. Mimi na abiria wengine tuliomba abadilishiwe, wakasogeza makaratasi fulani kwenye kiti cha mbele akahamia. Lakini kiti kile cha waya hakikufungwa. Wakaweka madumu ya mafuta ya mawese juu yake, yasiyofungwa na kitu. Ukifikiria ile hesabu ya mara 16, dumu la lita 20 linageuka mzigo wa kilo 300 hivi unaoruka kuelekea kichwa cha mtu.

Lile jibu la "njia ni mufupi" ndilo tatizo. Ajali nyingi zinatokea kwenye kupaa na kutua, na njia fupi ina kupaa na kutua sawa na njia ndefu. Ndege inayofanya safari fupi nne kwa siku inapiga viti vyake mara nne. Ndivyo nyufa zinavyozaliwa: si kwa umbali, bali kwa kurudiarudia.

Sheria tunayo. Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 inahusu usafiri wa anga wa kiraia, na tuna mamlaka, AAC, yenye kazi ya kusimamia. Lakini tangu Machi 2006 mashirika yaliyopewa kibali na nchi yetu yako kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya yale yasiyoruhusiwa kuruka kwao. Wengine wanaona hiyo ni dharau kwa Mkongomani. Mimi naisoma hivi: wanaotufungia hawasemi kwamba kila ndege yetu ni mbovu. Wanasema hawaamini kwamba kuna mtu anayekagua. Ndicho kile kile cha viti vya Koito: kisichothibitishwa hakipandwi. Na sisi, ambao hatuna orodha ya kutukinga, ndio tunapanda.

Kwa upande wa haki, mafundi wetu si wajinga. Nimeongea na baadhi yao. Wanajua kitabu kinasema nini. Kinachokosekana ni vipande, mshahara unaofika kwa wakati, na mkubwa anayekubali kusikia "ndege hii leo haiendi". Ukimweka fundi kati ya sahihi yake na njaa ya watoto wake, usimlaumu yeye peke yake.

Tangu Februari 2025 vita vimebadilisha kila kitu Kavumu, na safari tulizozoea hazipo tena kama zamani. Siku anga letu litakapofunguka, kutakuwa na haraka kubwa. Watu watataka kusafiri, wafanyabiashara watataka kupakia, na ndege zilizokaa bila kuruka zitaletwa mbio. Ndege iliyolala muda mrefu kwenye unyevu na panya inahitaji kukaguliwa zaidi, si kidogo. Ndiyo sababu naona hii ndiyo saa ya kujifunza.

Sisi tufanye nini?

Ukipanda, kabla ya kukaa, shika mgongo wa kiti ukitikise. Kikicheza sakafuni, sema. Vuta mkanda, ufunge, ufungue. Usiposhika, sema. Mkanda uvae chini kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni, na ukaze. Mtoto mdogo asifungwe ndani ya mkanda mmoja na mama, juu uzito wa mama utamponda. Usikubali kukaa juu ya mzigo, hata kama ni bure. Njia ya katikati isiwe na madumu. Na sema kwa adabu, kwa sauti ya watu wawili watatu: mmoja anaitwa msumbufu, watatu wanasikilizwa.

Ukifanya kazi kwenye shirika au mradi unaokodi ndege, una nguvu zaidi. Kabla ya kusaini, omba kuona orodha ya maagizo yaliyotekelezwa kwenye ndege ile, pamoja na yale ya viti. Shirika lenye utaratibu litakuonyesha. Linalokasirika kwa swali hilo limeshakujibu.

Wadogo zetu mlioko bado kwenye oditwari, wa sheria, wa ufundi, hata wa takwimu: kazi hii ya kukagua inahitaji watu. Sheria yetu ipo lakini ni wangapi kati yetu wameisoma? Vipande na vitabu vya mafundi viko kwa Kiingereza na Kifaransa. Nani atavieleza kwa Kiswahili kwa kijana wa kupakia, yule anayeamua mzee akae wapi? Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kiti kina namba, na kwamba waya hauna.

 Mwenye kufahamu zaidi yangu, hasa ninyi mafundi, aongeze.